Kuku wa nyumbani anaishi miaka mingapi, na anataga mpaka lini? Maswali ninayoulizwa kila siku

Nafuga kuku nyuma ya nyumba huku Chanika, mwaka wa tisa sasa, na haipiti wiki mtu hajaniuliza yale yale, mara jirani mara shemeji mara dada wa kazini, mwisho nimeona niyaandike yote sehemu moja ili mtu akiuliza namtumia asome mwenyewe. Udaktari wa mifugo sina, nina kuku thelathini na kitu, daftari la mayai, na kuku mmoja tunamwita Bi Mkubwa alietotolewa mwaka wangu wa kwanza na mpaka leo yupo anachakura, utamkuta humu humu kwenye majibu.

Kuku anaishi miaka mingapi kwa kweli?

Inategemea ni kuku gani, na inategemea nyumba yenu inapenda pilau kiasi gani. Kienyeji akichanjwa, akalala banda linalofungwa, akaachwa azeeke, miaka 6 mpaka 8 anafika bila miujiza na wapo wanaofika 10. Chotara kama Kuroiler na Sasso mi kwangu hawajawahi kuvuka mitano, miili mikubwa, miguu inachoka mapema. Leya (kuku wa mayai wa biashara), wale wekundu wa kisasa, ni miaka 3 mpaka 5 hivi, akivuka hapo shukuru. Wale vibete wadogo ndo wana roho ya paka.

Na kama unataka maajabu, mwaka 2023 Guinness, wale wa kitabu cha rekodi za dunia, walimtambua kuku mmoja wa Michigan kule Marekani, anaitwa Peanut, kama kuku mzee kuliko wote walio hai, alikuwa kashapita miaka 20, akafa mwishoni mwa mwaka huo huo akiwa na 21. Yaani kuku ana umri wa kupiga kura! Ila huyo alikuwa kibete na uzeeni alikuwa anaishi ndani ya nyumba ya watu, usimlinganishe na wako anaelala juu ya mwembe.

Mbona wa kwangu hawafiki hata miaka miwili?

Kwa sababu hawafi kwa uzee. Jiulize, we ushawahi kuona kuku kafa kwa uzee? Wanakufa kwa kideri, kwa mwewe, kwa nguchiro na kicheche, kwa gari, kwa wageni, kwa Idi na Krismasi. Vifaranga ndo wanaisha zaidi, mama anatembea na kumi na mbili, baada ya mwezi unahesabu wanne na hujui wengine wameenda wapi.

Kitu kimoja kilichobadilisha banda langu ni chanjo ya kideri (wengine mnaita mdondo). Mwaka wangu wa pili nilipoteza kuku 19 ndani ya siku sita, wa kwanza nikamkuta kapinda shingo asubuhi, nikajua mafua, nikamwekea kitunguu saumu kwenye maji, mpaka naelewa kinachoendelea banda limebaki na watatu. Toka hapo kila baada ya miezi mitatu wote wanapata tone la jichoni, ile I-2 inayotengenezwa hapa hapa Tanzania kwa jina la TEMEVAC, tone moja jicho moja, mkubwa kwa mdogo sawa, na mzuri wake inavumilia joto kuliko chanjo nyingine japo haimaanishi uiweke juani. Kichupa kimoja kinachanja kuku wengi sana kwa hiyo ongeeni na majirani mchange, tena ukichanja we peke yako na jirani hajachanja bado moto unawaka pembeni yako. Kuku aliekwisha ugua haponi kwa chanjo, hilo nalo naulizwa sana.

Anaanza kutaga akiwa na umri gani?

Leya wiki ya 18 mpaka 20. Chotara miezi mitano, sita. Kienyeji wetu miezi sita mpaka minane, na akishinda njaa anachelewa zaidi. Mayai ya mwanzo ni madogo, mengine hayana hata kiini, usiite uchawi.

Sasa anataga kwa miaka mingapi?

Hapa ndo penyewe, soma taratibu. Kuku haachi kutaga siku moja kama mtu anavyostaafu, anapungua pungua. Leya mwaka wa kwanza ni kama mayai 300 akilishwa sawa, kuna kipindi karibu na wiki ya 25 mpaka 30 ukiwa na kuku 100 unaokota 90 na zaidi kwa siku, halafu kinaanza kushuka polepole. Mwaka wa pili anatoa pungufu, kadiria 240 au 250, wa tatu 200 au chini, wa nne unaokota moja moja na ganda laini. Ndo maana wafugaji wa biashara wanawaondoa wakiwa na wiki 72 mpaka 80 tu, mwaka mmoja na nusu, kuku bado ana miaka yake kama mitatu mbele ila hesabu zimekataa.

Hesabu yenyewe hii hapa. Leya anakula kama gramu 115 kwa siku, atage asitage, kwa mwaka ni kilo 42. Mwaka wa kwanza kilo 42 zimekupa mayai 300, kila yai limekula gramu 140 za chakula. Akishuka mpaka mayai 180 kila yai linakula gramu 230 na ushee. Weka bei ya kilo ya chakula ya dukani kwako, weka bei ya yai, utajua mwenyewe lini kuku anaanza kukufilisi, usisubiri mimi nikwambie mwezi gani maana bei ya pumba na mashudu inabadilika kila tukipumua.

Kienyeji ni habari nyingine kabisa. Anataga mayai 10 mpaka 15, anaatamia siku 21, analea, anapumzika, anarudi, kwa mwaka mizunguko mitatu au minne, kwa hiyo mayai 40, 50, akibahatika 60. Ila anaendelea hivyo mwaka wa pili, wa tatu, wa nne bila kelele, na chakula chake kingi anajiokotea mwenyewe. Bi Mkubwa alinipa vifaranga vya maana mpaka mwaka wake wa tano, wa sita akaanza kuruka mizunguko.

Kwa macho ya trei (mayai 30), leya kumi kwa mwaka wa kwanza ni trei 100. Kienyeji kumi ni trei 15. Lakini kienyeji kumi wale wale wanakuachia na vifaranga, leya haatamii.

Kwa nini leya anachoka haraka hivyo, ni dawa wanawapa?

Hapana, sio dawa, ni mbegu. Kuku pori wa Asia ambae ndo babu wa kuku wote anataga mayai kumi na kitu tu kwa mwaka, anaatamia, basi. Binadamu tumechagua chagua kwa miaka mingi mpaka tumepata kuku anaetaga karibu kila siku, yai moja linachukua saa 24 mpaka 26 kutengenezwa na nyingi ya hizo, kama saa 20, ni ganda peke yake. Ganda moja lina kama gramu 2 za kalsiamu. Asipoipata kwenye chakula anaitoa kwenye mifupa yake, ukimshika leya mzee asielishwa vizuri mfupa wa bawa unavunjika kama biskuti, nimewahi kumvunja mmoja nikimtoa tu kwenye banda la kununulia na sikutumia nguvu yoyote.

Halafu kuna magonjwa ya mfuko wa mayai, yai linakosa njia linaangukia tumboni na kuoza humo, au sehemu ya kutagia inatoka nje wenzake wanaidonoa, au uvimbe. Kuku wanaotaga sana wanapata sana saratani ya ovari, kiasi kwamba watafiti wanaosoma saratani hiyo kwa wanawake wanatumia kuku. Kwa hiyo ukiona leya wa miaka mitatu kasimama kama pengwini, tumbo limejaa maji, hiyo ndo kazi ya mayai 700 na kitu aliyokwisha kutoa.

Wale weusi tunaowaita kuku wa Malawi, asili yao Australorp wa Australia, wao wapo katikati, wanataga vizuri na hawachakai haraka. Kuna mmoja wa aina hiyo miaka ya 1920 anatajwa kutaga mayai 364 ndani ya siku 365, sijui siku ile moja alipumzika nini.

Ni kweli kuku anazaliwa na mayai yake yote, yakiisha ndo basi?

Nusu kweli. Anazaliwa na vijiyai vidogo sana kwa maelfu, haviishi, hata kuku wa miaka kumi ukimpasua utavikuta. Kinachochoka ni mwili wa kuvikuza na kutengeneza ganda. Kwa hiyo ule ushauri wa "usimlishe sana atamaliza mayai haraka" achana nao, kuku mwenye njaa hakutunzii mayai, anakunyima tu.

Nimeuziwa kuku sokoni wakasema mtetea, nyumbani naona kama bibi. Ntamjuaje umri?

Miaka kamili hutaijua, ila utajua kama ni tembe (jike mdogo) au koo la siku nyingi. Angalia miguu kwanza, ya kuku mdogo ina magamba laini yamelala, ya mzee yamenyanyuka makavu kama maganda ya mti (utitiri wa miguu nao unafanya hivyo kwa hiyo usiishie hapo). Angalia kipi (ule mwiba wa nyuma ya mguu), jike mzee wengi wanaota kipi kifupi, tembe hana. Minya ncha ya mfupa wa kidari kwa nyuma, kwa kuku mdogo inapinda kama sikio, kwa mzee ngumu.

Kujua kama anataga sasa hivi ni jambo jingine: upanga wa kichwani uwe mwekundu na wa moto kidogo ukiushika, tundu la kutagia liwe pana na lenye unyevu, na ule uwazi kati ya mifupa miwili ya nyonga uingie vidole viwili au vitatu. Kinaingia kidole kimoja kwa shida, huyo hatagi, awe mdogo awe mzee. Muuza kuku ukianza kumpimia kuku wake vidole atanuna, acha anune.

Kuku wangu kanyonyoka manyoya na kaacha kutaga ghafla, ndo kazeeka?

Kama ana mwaka mmoja na zaidi na anakula vizuri, mwache, anabadilisha manyoya. Inachukua miezi miwili mpaka mitatu, anakuwa kituko kweli, shingo tupu, mkia hakuna, na mayai yanakata kwa sababu protini yote inaenda kwenye manyoya mapya. Mpe dagaa, mpe mchwa kama unao, mpe funza. Akirudi anataga mayai makubwa kuliko ya mwanzo japo machache. Watu wanachinja kuku wazuri sana kipindi hiki, mimi mwenyewe nilichinja wawili mwaka wa kwanza nikidhani wamekwisha na tumboni nikakuta mayai yameshaanza kujipanga, madogo, makubwa, manjano tupu. Iliniuma ile.

Ila kama anajidonoa na usiku hatulii, fumua manyoya chini ya bawa na karibu na tundu uangalie chawa na utitiri.

Nikimnyang'anya vifaranga mapema nitapata mayai zaidi? Hatachakaa?

Utapata, ndo njia rahisi kuliko zote kwa kienyeji. Mama akiachiwa alee mpaka mwisho anakaa na vifaranga miezi miwili mpaka mitatu hatagi, ukivichukua mapema ukavilea mwenyewe kwa joto la taa au jiko anarudi kutaga ndani ya wiki chache. Ila vifaranga bila mama vinataka joto, chakula kizuri na mtu wa kukaa navyo, kama unashinda kazini usijaribu. Na kuhusu kuchakaa, ukimfanyia kila mzunguko bila chakula cha ziada ndio atachakaa. Mi nawapokezanisha, huyu analea huyu ananyang'anywa.

Anaeatamia hewa, yaani kakalia kiota tupu wiki tatu, mhamishe kwenye tenga lenye matundu chini, pawe na mwanga na upepo, siku tatu nne anaacha. Kumzamisha kwenye ndoo ya maji wengi wanafanya, mi sipendi.

Taa usiku inawaongezea mayai?

Leya ndio. Anataka mwanga saa 14 mpaka 16 na huku kwetu karibu na ikweta mchana ni saa 12 mwaka mzima, kidogo juu kidogo chini, kwa hiyo ukimuongezea saa mbili mpaka nne za balbu ndogo anataga zaidi, ongeza polepole. Kienyeji usijisumbue, utalipa umeme bure.

Chokaa, maganda ya mayai, nimpe nini ganda lisiwe laini?

Magamba ya konokono wa baharini au chaza yaliyopondwa, au chokaa ya mifugo, kwenye kopo lake peke yake, kuku anaetaga anajua mwenyewe akale lini. Usichanganye kwenye chakula cha wote, vifaranga na majogoo wakizidishiwa kalsiamu figo zinaharibika. Maganda ya mayai ni mazuri ila yakaushe uyasage mpaka yasifanane tena na yai, la sivyo unawafundisha kula mayai na kuku akishajua utamu wa yai hiyo tabia haitoki.

Kuku jike kawika! Wazee wanasema nimchinje haraka ni mkosi.

Hili naulizwa kwa kunong'onezwa, simu inapigwa usiku. Nawaheshimu wazee lakini ngoja nieleze. Kuku jike anatumia ovari moja tu, ya kushoto, ya kulia imelala. Ya kushoto ikiharibika kwa ugonjwa au uzee, homoni za kike zinashuka na ile iliyolala ya kulia inaweza kuamka ikafanya mambo ya kiume, basi kuku anaota upanga mkubwa, anaota kipi, anawika. Mara nyingine ni rahisi zaidi, jogoo wenu kachinjwa na jike mbabe kashika madaraka. Kama ni wa sababu ya kwanza mayai usitegemee tena. Umchinje usimchinje ni ya nyumbani kwenu, ila hajaleta msiba.

Bila jogoo wanataga?

Wanataga, hayataanguliwa tu. Na ukimuondoa jogoo leo, mayai ya wiki mbili zinazofuata bado yanaweza kuwa na mbegu. Jogoo mwenyewe miaka miwili mitatu anafanya kazi vizuri, baadae mayai mengi yanatoka bila mbegu, na usimwache apande binti zake na wajukuu, badilishana na mtu wa mbali.

Mayai ya kuku mzee yana shida kuliwa?

Hakuna. Makubwa zaidi, ganda jepesi, ute majimaji kidogo. Kwa kuatamisha mi natumia ya kuku wa mwaka wa pili na wa tatu, ganda linakuwa bado imara na kifaranga anatoka mkubwa.

Broila akiachwa anataga?

Jike akibaniwa chakula asinenepe, akifika miezi sita hivi, ndio. Ukimlisha kama kawaida moyo au miguu itamshinda kabla. Mtoto wangu alimficha mmoja asichinjwe, alifika miezi minne, siku moja ya jua kali akaanguka tu.

Kuku amezeeka, nimfanye nini?

Supu. Nyama yake ngumu, usimkaange utagombana na wageni, mchemshe jiko la mkaa moto mdogo saa mbili tatu, tangawizi, ndimu mwishoni, kipande cha papai bichi ukiwa na haraka. Mchuzi wake broila hawezi kuutoa hata mkichemsha watano.

Kuuza pia inawezekana, leya waliomaliza kutaga wana wateja wao, wenye migahawa wanawapenda kwa sababu wanastahimili kupikwa na bei yao ni nafuu, ila muuzie mtu ukimwambia ukweli, sio unamwambia tembe.

Na kuna wachache wa kubaki nao, hasa koo mlezi. Kuku alieshalea vizazi vitano anajua kivuli cha mwewe kabla wewe hujainua kichwa, mayai ya wenzake anayaatamia bila ubishi, na vifaranga wa kununua ukimchomekea usiku asubuhi anaamka anajua ni wake.

Na Bi Mkubwa, bado anataga?

Mwaka jana baada ya masika alitaga matatu, moja halikuwa na ganda kabisa, mawili hayakuanguliwa. Mwaka huu bado sijaona. Sahivi ana vifaranga kumi na mbili, hakuna hata mmoja wa yai lake, na juzi kamrukia mbwa wa jirani mpaka mbwa kapita chini ya geti.